Eusébio: Mguu Wake, Neno la Wengine

(Hotuba kwa wachezaji na makocha wa timu za vijana, Temeke, Dar es Salaam)

Ndugu mwenyekiti, walimu wa mpira, wazazi mliokubali kukaa kwenye viti vya plastiki jua likiwa limesimama namna hii, na ninyi wachezaji wenyewe: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mwenyekiti alipotangaza mkutano huu alisema atakuja mtu kuzungumzia mshambuliaji wa Ureno, akaishia hapo. Naziona jezi namba 7 zimejaa safu za mbele. Poleni sana. Cristiano hahitaji hotuba yangu, mnaye kwenye simu zenu asubuhi, mchana na jioni. Mimi nimekuja na mwingine, aliyeichezea Ureno mara ya kwanza mwaka 1961, zaidi ya miaka 40 kabla ya Cristiano, na ambaye hakuzaliwa Ulaya. Kazaliwa kwa jirani zetu, ng'ambo ya Ruvuma, ukiteremka Msumbiji yote mpaka kule mwisho kabisa kusini.

Eusébio da Silva Ferreira alizaliwa tarehe 25 Januari 1942 katika mtaa wa Mafalala, mji wa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo. Baba yake, Laurindo, alikuwa Mzungu kutoka Angola, mfanyakazi wa reli. Mama yake, Elisa, alikuwa Mwafrika wa Msumbiji. Mafalala ulikuwa mtaa wa nyumba za mbao na mabati, nje ya ule mji wa lami waliokaa Wareno. Baba akafariki kwa pepopunda mtoto akiwa na miaka 8, na mama akabaki na nyumba nzima ya watoto mikononi.

Mpira wao ulikuwa chandimu kama mnavyoujua. Soksi, imeshindiliwa magazeti, imekazwa kamba, na miguu peku. Timu yao ya mtaani waliiita Os Brasileiros, Wabrazili, maana wakati ule mtoto akiota mpira alikuwa anaiota Brazil. Eusébio alipojiona anaweza, akaenda kujaribiwa Desportivo, klabu iliyokuwa na udugu na Benfica ya Lisbon, timu aliyoipenda tangu utotoni. Wakamrudisha nyumbani. Akahamia kwa wapinzani wao, Sporting ya Lourenço Marques, tawi la Sporting ya Lisbon, wakampokea, akaanza kufunga mabao bila huruma.

Makocha, hapo mnisikilize vizuri. Tunapenda kusimulia habari za wachezaji wakubwa kana kwamba bahati ilishuka usiku ikawachukua. Haikuwa hivyo. Klabu za Lisbon zilikuwa na matawi kule koloni, na kupitia matawi hayo njia ilishachongwa kabla Eusébio hajaikanyaga. Matateu alikwenda Belenenses mwaka 1951. Mário Coluna akaenda Benfica mwaka 1954. Hilário akaenda Sporting mwaka 1958. Wote ni watoto wa Msumbiji. Kwa hiyo zamu ya Eusébio ilipofika, hapakuwa na la kushangaza kwamba mtoto wa Mafalala ametakiwa Ureno. La kujiuliza ni nani angekuwa na neno juu yake kuanzia siku hiyo. Nimekuja kuzungumza hilo, maana kipaji chake kilikuwa kimeiva kabla hajapanda ndege, hakuna aliyemtengeneza kule.

Inasimuliwa kwamba Mbrazili José Carlos Bauer, aliyecheza Kombe la Dunia la 1950, alipita Msumbiji na timu yake mwaka 1960 akamwona kijana huyu. Aliporudi kupitia Lisbon akakutana na kocha wa Benfica, Béla Guttmann, kwenye kinyozi, akamweleza. Guttmann hakungoja nywele zikauke.

Sporting ya Lisbon ilimtaka Eusébio aje kwanza kama kijana wa majaribio, bila malipo. Benfica ilikwenda nyumbani. Mwenyewe alisimulia baadaye jinsi ilivyokuwa: walikaa na mama yake na kaka yake, wakataja fedha kwa mkataba wa miaka mitatu. Kaka akasema ongezeni mara mbili. Wakaongeza. Mama akasaini, mama akapokea fedha. Nawaomba wazazi mlishike hilo, si kwa sababu ya fedha, bali kwa sababu ya meza yenyewe. Upande mmoja klabu tajiri ya Ulaya, upande wa pili mjane wa Mafalala na mwanawe mkubwa, na mwana huyo haoni aibu kutaja bei. Nimezisoma habari nyingi za Eusébio, na kwa maoni yangu ile ndiyo mara ya mwisho kwa miaka mingi ambapo mtu wa kwao aliulizwa mguu ule uende wapi.

Desemba 1960 akasafirishwa Lisbon kwa jina la Ruth, jina la kike, ili Sporting wasishtuke. Sporting wakashtuka vilevile. Ukazuka mgogoro wa usajili, kila upande unasema mchezaji ni wangu, na Benfica wakamficha hotelini huko Algarve, kusini mwa nchi. Alikuwa na miaka 18. Hana mechi, hana mama, ni baridi, na watu wazima wanavutana juu ya karatasi. Miezi ikapita hivyo. Usajili wake ulikamilika Mei 1961, na tarehe 23 mwezi huohuo akapangwa mechi ya kirafiki na Atlético. Alifunga mabao matatu. Siku nane baadaye Benfica walichukua Kombe la Ulaya mjini Bern kwa kuifunga Barcelona 3-2, yeye hakuruhusiwa kucheza. Juni, mjini Paris, Benfica walikuwa wanachapwa na Santos ya Pelé, kipigo cha kutia aibu. Guttmann akamwingiza yule mgeni kutoka benchi. Mabao matatu tena. Benfica walifungwa 6-3, lakini waliotoka uwanjani walikuwa wanauliza jina la aliyeingia.

Alichezaje? Vijana wa mbele, hili ni lenu. Alikuwa na mbio, hilo kila mtu analijua. Lakini mbio peke yake wanazo wengi, hata hapa Temeke wamo wanaokimbia kuliko mpira wenyewe. Tofauti yake ilikuwa kwamba alipiga shuti akiwa ndani ya mwendo. Hakuuvuta mguu nyuma sana, hakusimama kujipanga, wala hakumpa kipa ile nusu sekunde ya kusoma bega. Mguu wa kulia ulitoka kama umeachiwa springi, na mpira ukaondoka chini chini. Umbali wa mita 25 kwake ulikuwa umbali wa kufunga. Mabeki waliona yuko mbali, wanapumua, kumbe wamekwisha.

Tarehe 2 Mei 1962, Amsterdam, fainali ya Kombe la Ulaya. Real Madrid, waliokwisha kulichukua mara tano, wana Puskás na Di Stéfano. Puskás alifunga matatu kipindi cha kwanza na watu wakadhani biashara imekwisha. Coluna akasawazisha, ikawa 3-3. Ikapatikana penalti, Eusébio, mtoto wa miaka 20, akaipiga akafunga. Dakika chache baadaye mpira wa adhabu, akafunga tena. Benfica 5, Real Madrid 3.

Kuhusu Coluna nitaongeza kidogo. Mama yake Eusébio alikuwa amemwombea mwanawe kwa Coluna, amwangalie ugenini, na Coluna alifanya hivyo kweli. Eusébio alimwita Senhor Coluna, Bwana Coluna, hata wakiwa jezi moja. Usiku ule wa Amsterdam alichotamani kuliko medali ni jezi ya Di Stéfano, aliyemhusudu tangu Mafalala, lakini kuomba aliona haya, akamtuma mkubwa wake amwombee. Di Stéfano akaitoa. Mashabiki walipovamia uwanja na kumbeba Eusébio mabegani, alikuwa ameifutika ile jezi kwenye bukta, anaishikilia kwa mkono isije ikachukuliwa. Kombe walibeba wengine.

Sasa nirudi hapa kwetu, kwa sababu mji huu unahusika. Wiki kama nane baada ya fainali ile, tarehe 25 Juni 1962, hapahapa Dar es Salaam, Wamsumbiji waliokuwa uhamishoni waliunganisha vyama vyao wakaunda FRELIMO, chini ya Eduardo Mondlane. Tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza kaskazini mwa Msumbiji. Na serikali ya Salazar, dikteta wa Ureno, kule Lisbon ilikuwa inauambia ulimwengu kwamba haina makoloni, ina mikoa ya ng'ambo, na watu wote ni Wareno sawasawa. Ushahidi uko wapi? Tazameni timu ya taifa! Tazameni Coluna, nahodha. Tazameni Eusébio. Hakusimama jukwaani kuyasema hayo, ila picha yake iliyasema kila Jumapili.

Wapo wazee wetu waliomlaumu kwa kunyamaza. Nawaelewa; walikuwa wanazika vijana. Mimi simlaumu sana, wala simtakasi. Alikuwa mchezaji aliyekwenda jeshini kama raia mwingine yeyote wa nchi ile, chini ya serikali yenye polisi wa siri, mama yake bado yuko Lourenço Marques. Klabu za Italia zilipomtaka kwa fedha ambazo Lisbon hawakuwa na uwezo wa kuzilipa, ilijulikana wazi kwamba Salazar hataki aondoke. Alihesabiwa mali ya taifa. Baadaye, alipokaribia kabisa kwenda, Waitalia wenyewe wakawa wamefunga milango kwa wachezaji wa nje baada ya aibu waliyoipata Kombe la Dunia la 1966. Kwa hiyo akabaki. Mwaka 1965 alichukua Mpira wa Dhahabu, ile tuzo ya Ballon d'Or ya mchezaji bora, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kuupata, miaka 30 kabla ya George Weah, na bado hakuwa na uwezo wa kuchagua aamkie mji gani.

Uwanjani ndipo alipokuwa na neno lake. Na hapo nataka nikae, maana Kombe la Dunia la 1966 Uingereza ndilo kilele.

Ureno walikuwa hawajawahi kufika Kombe la Dunia. Katika kikosi kile walikuwamo Wamsumbiji wanne: Coluna nahodha, Hilário beki wa kushoto, Vicente beki wa kati, na Eusébio mbele. Waliifunga Hungary 3-1, wakaifunga Bulgaria 3-0, kisha wakakutana na Brazil, mabingwa watetezi, uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Sitaficha: Pelé aliumizwa siku ile, na rafu alizochezewa na Morais zilikuwa za kikatili. Vicente alikuwa amemkaba kiungwana, lakini Morais akaja akamkata, akamkata tena, na Pelé akabaki anachechemea. Ureno walishinda 3-1, Eusébio mawili, la pili akilipiga kutoka pembeni kulia, mahali ambapo kocha yeyote hapa angempigia kelele apige krosi.

Halafu robo fainali, tarehe 23 Julai, uwanja uleule, dhidi ya Korea Kaskazini, waliokuwa wameitoa Italia. Dakika ya kwanza tu Wakorea wamefunga. Dakika ya 22 la pili. Dakika ya 25 la tatu. Watu wadogo kwa umbo, wanakimbia wote kwa pamoja kama siafu, na Liverpool nzima imeshawapenda. Ureno wameduwaa. Mabeki wanatazamana.

Dakika ya 27 Eusébio akafunga. Na hapa ndipo ninapowaambia vijana tazameni mtu huyu anafanya nini. Hakukimbilia kibendera cha kona. Hakusubiri kukumbatiwa. Aliingia golini, akauokota mpira nyavuni mwenyewe, akakimbia nao mpaka katikati ya uwanja akauweka chini. Dakika ya 43 penalti, akafunga, akauokota tena. Nusu ya mechi 3-2. Dakika ya 56, akasawazisha. Dakika tatu baadaye akachukua mpira upande wa kushoto, akaondoka nao, akampita mmoja, akampita mwingine, wakamfyeka ndani ya kumi na nane. Alilala chini akijishika mguu. Kila mtu akadhani mwingine atapiga. Akainuka akichechemea, akautenga mpira mwenyewe, akafunga. Mabao manne. José Augusto akaongeza la tano, mechi ikaisha 5-3. Katika dakika zile 32, baina ya la kwanza na la nne, hapakuwa na rais wala katibu wa klabu mwenye la kumwambia Eusébio.

Nusu fainali ilikuwa na Uingereza. Wareno walitegemea kubaki Liverpool, walikokwisha kuzoea. Mechi ikahamishiwa Wembley, wakapandishwa treni kwenda London. Nobby Stiles alimganda Eusébio kila alikokwenda. Bobby Charlton akafunga mawili, Eusébio akapata moja la penalti dakika ya 82, na muda ukaisha. Alitoka uwanjani akilia, anajifuta kwa jezi, na Wareno mpaka leo wanaiita mechi ya machozi. Kwenye mechi ya mshindi wa tatu alimfunga Lev Yashin wa Sovieti kwa penalti, Ureno wakashinda 2-1. Jumla mabao 9, mfungaji bora wa mashindano.

Mengine nitayapitia haraka maana takwimu mnaweza kuzisoma wenyewe. Ubingwa wa Ureno mara 11 akiwa Benfica. Mfungaji bora wa ligi mara 7. Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya mwaka 1968, mara ya kwanza kabisa kutolewa, na tena 1973. Mechi 64 za timu ya taifa na mabao 41, rekodi iliyodumu mpaka Pauleta alipoivunja mwaka 2005. Fainali tatu zaidi za Kombe la Ulaya, na zote tatu alipoteza: 1963 kwa Milan, yeye akiwa ndiye aliyefunga bao la Benfica; 1965 kwa Inter, tena kwenye uwanja wa Inter wenyewe; na 1968 kwa Manchester United.

Hiyo ya 1968 siwezi kuiruka. Wembley, ubao unasoma 1-1, dakika zinaisha. Eusébio kachomoka, yuko peke yake na kipa Alex Stepney. Shuti la nguvu, na Stepney akaudaka, akaukumbatia kifuani. Eusébio akasimama akampigia makofi. Kombe la Ulaya liko hapo, limemponyoka, na mtu anampongeza aliyemnyima! Dakika za nyongeza Manchester wakafunga matatu, ikawa 4-1. Kuna makocha watasema angeuweka pembeni badala ya kupiga kwa nguvu. Nakubaliana nao. Ila huwezi kumtaka mtu aliyefunga mamia ya mabao kwa nguvu siku hiyo awe mtu mwingine.

Na sasa goti. Hii ndiyo sehemu ambayo klabu hazipendi isimuliwe. Mabeki wa enzi zile walikuwa hawaogopi kadi; kadi zenyewe za njano na nyekundu zilianza kutumika Kombe la Dunia mwaka 1970. Eusébio alipigwa miaka 15. Alipasuliwa magoti tena na tena, la kushoto zaidi, na kati ya upasuaji mmoja na mwingine alichomwa sindano za kuua maumivu ili jioni awe uwanjani. Benfica walikuwa wanaalikwa mechi za kirafiki dunia nzima, na waalikaji walitaka kumwona Eusébio. Akilala kitandani, malipo yanapungua. Basi akacheza. Nani alikuwa na neno la mwisho juu ya goti lile? Daktari? Mwenye goti? Wazazi mnaowaleta watoto kwenye mechi za ndondo wakiwa na kifundo kimevimba, eti kwa sababu kuna mtu wa timu kubwa atakuja kutazama, nazungumza na ninyi pia.

Aliondoka Benfica mwaka 1975, mwaka uleule Msumbiji ilipopata uhuru, tarehe 25 Juni. Nchi yake ya kuzaliwa ikawa na bendera, naye ana miaka 33 na miguu imekwisha. Ndiyo maana mtu akiniuliza kwa nini hakuichezea Msumbiji, namwomba atazame tarehe. Alikwenda Marekani, Boston. Akapita Monterrey, Mexico. Mwaka 1976 akawa Toronto, Kanada, wakachukua ubingwa wa ligi ya Amerika Kaskazini, na kwenye fainali akafunga. Alikuwa anafungwa bandeji kabla ya kila mechi. Kwa mara ya kwanza alikuwa anakwenda anakotaka, kwa bei aliyoikubali, na alichokuwa nacho cha kuuza kilikuwa ni jina, uzoefu, na ule mpira wa adhabu ambao goti halikuweza kuuharibu.

Akarudi Ureno akachezea Beira-Mar, timu ndogo. Walipopangiwa Benfica, inasimuliwa aliwaambia wenzake wazi kwamba yeye hatawafunga hawa, na uwanjani akakataa kupiga mipira ya adhabu. Baadaye akacheza União de Tomar, daraja la pili, mbele ya watu wachache. Wengine husikitika wakifika hapo. Mimi sioni cha kusikitisha; ni mtu aliyependa kucheza mpira, anacheza mpira.

Alifariki Lisbon tarehe 5 Januari 2014 kwa ugonjwa wa moyo. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo, na mwaka uliofuata mwili wake ukahamishiwa Panteão Nacional, wanakolazwa mashujaa wa taifa lile. Coluna, aliyekuwa amerudi kwao Msumbiji na kuongoza shirikisho la mpira la nchi huru, alifariki mwezi uliofuata baada ya Eusébio, Februari 2014, huko Maputo.

Nimezungumza vya kutosha na naona wadogo wameanza kuchezea chupa za maji. Mwenyekiti ameniambia umeme upo na projekta inafanya kazi, kwa hiyo tutaitazama mechi ya Korea Kaskazini, kuanzia lile bao la tatu la Wakorea. Washambuliaji, msiufuate mpira kwa macho, mfuateni namba 13, hasa anaposimama bila mpira. Mabeki, nataka mniambie baadaye yule Mkorea wa kulia angefanya nini kabla ya penalti ya pili, maana mimi naamini alikuwa na nafasi ya kumzuia bila rafu. Tukimaliza, maswali. Nani yuko karibu na dirisha? Tushushie hayo mapazia, mwanangu.